Nyika Iliyo Kati Yao: Kulinganisha Hali ya Wataita na Wataveta



Kulinganisha jamii mbili zilizo jirani ni kazi ya zamani katika vyuo, na mara nyingi imefanywa vibaya. Huko Ulaya katika karne ya 19, wasomi walipenda kuwagawa watu kwa makundi ya lugha, Waslavi mashariki na Wakelti magharibi, kisha wakaeleza umaskini wa kila kundi kwa tabia yake. Mwairishi alisemwa kuwa mtu wa nyimbo na uvivu, na mkulima wa Poland au Urusi akasemwa kuwa mtiifu asiyejua kujitegemea. Viazi vilipooza Ireland kuanzia 1845 na watu wapatao milioni moja wakafa, Charles Trevelyan, ofisa wa London aliyesimamia misaada, aliona ubaya mkubwa zaidi uko katika tabia ya Waairishi wenyewe. Hakuuliza sana nani alimiliki shamba na nani alilipa kodi ya kulilima.

Sisi hapa Voi tunafanya ulinganisho wa aina hiyo kila siku, na hatulipwi mshahara wa profesa. Kaa kidogo pale steji ya magari ya Taveta na Wundanyi, utaambiwa kwamba Mtaita ni mtu wa kalamu na ajira, Mtaveta ni mtu wa mgomba na soko. Huyu mpole, yule mjanja wa bei. Mazungumzo kama hayo yanachekesha, na siku za uchaguzi huacha kuchekesha. Mimi nasema tofauti za kweli kati ya jamii hizi mbili zipo, zinapimika, na karibu zote zimetokana na maji, njia na hati ya ardhi. Zaidi ya hayo, yanayozifanya zifanane ni makubwa kuliko yanayozitenganisha, nayo yako katika nyika iliyo kati yao.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 340,671 katika kaunti yetu ya Taita Taveta: Voi 111,831, Taveta 91,222, Mwatate 81,659, na Wundanyi 55,959. Mgeni akitazama takwimu hizo anaweza kudhani Wundanyi, moyo wa Dawida, yaani safu kuu ya milima ya Wataita, ndiko kwenye nafasi. Kinyume chake ndicho kweli. Kule juu hakuna tena pa kuweka nyumba, ndiyo maana watoto wa Werugha na Mghange wamejaa Voi, Mombasa na Nairobi. Kaunti nzima ina takriban kilomita za mraba 17,000, na karibu asilimia 62 ya eneo hilo ni hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Toa ranchi, toa mashamba ya mkonge, kisha uwagawie wananchi kinachobaki.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Familia ya Kidawida ilimiliki vipande kadhaa vya ardhi kwa kimo tofauti. Kimoja kilikuwa juu penye ukungu, cha maharagwe na mboga. Kingine bondeni kando ya kijito, kilichonyweshwa kwa mifereji, cha miwa, ndizi na magimbi. Cha tatu kilikuwa chini nyikani, cha mtama na malisho ya ng'ombe. Mvua ikikosekana huku, kule hupatikana chochote. Shughuli hizo ziliongozwa na vichuku, yaani koo zilizoshika kila upande wa mlima, na misitu mitakatifu ya fighi iliachwa bila kuguswa. Kipande cha chini kilipokatwa, mfumo wote uliyumba, maana ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba, mahari na mbolea kwa wakati mmoja. Nenda leo ukaone ngazi za mashamba huko Wundanyi: kabichi, sukuma wiki na nyanya zimebanana hadi ukingo wa barabara, mpira wa maji umepita juu ya paa la jirani, na robo ya ekari inagombewa na ndugu wanne. Mboga hizo zinashuka usiku kwenda soko la Kongowea, Mombasa, na bei yake inapangwa huko huko Kongowea.

Wataveta walianza mahali pengine kabisa. Lugha yao iko karibu na Kipare kuliko Kidawida, na historia yao wenyewe inawataja wahamiaji kutoka pande nyingi waliokutana ndani ya msitu unaonyweshwa na mto Lumi. Msitu ule ulikuwa ngome. Njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, zenye malango ya magogo, na misafara iliyotoka Mombasa na Pangani kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai ilipumzika hapo kwa majuma, ikinunua ndizi, mahindi, maharagwe na samaki kwa shanga na nguo. Wasafiri wa Ulaya nao walipita hapo, Joseph Thomson mwaka 1883, na Count Teleki miaka michache baadaye. Wote waliondoka wakiwa wameshiba. Kwa hiyo soko la Taveta la leo, na akina mama wanaovuka kutoka Holili na magunia ya vitunguu na nyanya, lina mizizi mirefu kuliko mpaka wenyewe. Mpaka ndio ulioingilia soko. Ulipochorwa na Waingereza na Wajerumani, ulimtenga Mtaveta na shemeji zake walio upande wa pili, na biashara ya kawaida ikaanza kuitwa magendo.

Hapa ndipo tabia inapoonekana kueleza jambo, na hapa ndipo naomba tuwe waangalifu. Mtaveta aliuza kwa sababu alikuwa na maji ya mwaka mzima na wateja mlangoni. Mtaita alishika kalamu kwa sababu wamisionari walipanda kwake mapema: J. A. Wray wa misheni ya CMS alifika Saghala 1883, na Wakatoliki wakajenga Bura katika muongo uliofuata. Shamba lilipopungua, shule ikawa urithi wa mtoto wa nne na wa tano. Shule za Dr. Aggrey, Kenyatta High ya Mwatate na Bura Girls zilitoa makarani, walimu na wauguzi, na fedha zao zikarudi milimani kama mabati na karo. Ingekuwa reli imeishia Wundanyi na misheni kubwa zikakaa Lumi, pengine leo tungekuwa tunasema Mtaita mjanja wa bei, Mtaveta mtu wa kalamu.

Sasa niieleze nyika. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza ilitunga hapa sheria ya ardhi ya Kifalme, iliyompa Kamishna uwezo wa kuwauzia au kuwakodisha wageni ardhi iliyoitwa tupu. Mwaka uliofuata, 1903, Bunge la Uingereza huko London lilipitisha sheria ya kuwakopesha wapangaji wa Ireland fedha za serikali ili wanunue mashamba kutoka kwa makabaila wao. Nadhani ulinganisho huu una faida kuliko maelfu ya kurasa kuhusu damu ya Wakelti. Ofisi zilikuwa za mji mmoja na miaka ilifuatana. Mwairishi akafunguliwa mlango wa kumiliki, na mtu wa Dawida na wa Taveta wakafungiwa. Waslavi wa Urusi nao walikombolewa kutoka utumwa wa mashamba mwaka 1861, ingawa walitozwa malipo ya ardhi hiyo hadi 1907. Hata wao, pamoja na mzigo huo, walibaki na ardhi.

Mwaka 1915 unastahili kukaa nao kidogo. Sheria mpya ya ardhi ya mwaka huo iliwaruhusu walowezi kukodi kwa miaka 999, na 1921 mahakama kuu ikaifasiri kwamba Mwafrika ni mpangaji wa Mfalme, anayekaa kwa ridhaa yake tu. Mwaka huo huo wa 1915 vita ilikuwa imefika kwetu. Wajerumani walikuwa wameikalia Taveta tangu Agosti 1914. Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Mwatate na Maktau ili waikomboe, na Februari 1916 wakashindwa vibaya pale kilima cha Salaita kabla ya kuichukua Taveta mwezi Machi. Katikati ya vurugu hizo Wataita wa mlima Kasighau walituhumiwa kuwasaidia Wajerumani. Walikusanywa wote, wazee kwa watoto, wakapelekwa Malindi. Wengi walifia huko kwa homa na njaa. Waliosalia walirudi katika miaka ya 1930, wakakuta mlima wao uko pale pale lakini nyika iliyouzunguka si yao tena. Sijui kwa nini habari hii haifundishwi katika kila shule ya kaunti hii kabla mtoto hajafundishwa simba wa Tsavo wa 1898. Wale simba wamepata vitabu na filamu, na watu wa Kasighau hawajapata hata ukurasa katika vitabu vingi vya darasani.

Baada ya vita, nyika iligawanywa. Mkonge ulienea Mwatate na Voi. Upande wa Taveta, Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alijipatia maelfu ya ekari na chemchemi nzuri, na katika miaka ya 1930 akajenga jumba juu ya kilima ambalo wapita njia hulionyesha hadi leo. Wataveta wakawa maskwota chini ya jumba hilo. Wataita nao walipoanzisha Taita Hills Association kutetea ardhi yao, serikali iliipiga marufuku Mei 1940 pamoja na KCA ya Wakikuyu na chama cha Wakamba. Aprili 1948 ikatangazwa hifadhi ya Tsavo, na sehemu iliyobaki ya malisho na mawindo ikawa mali ya ndovu.

Mtu anaweza kunijibu kwamba ardhi peke yake haimtajirishi mtu, na atakuwa na haki. Ireland iligawa mashamba tangu 1903, na bado vijana wake waliendelea kupanda meli hadi miaka ya 1950, na ndege katika miaka ya 1980. Mambo yalianza kugeuka baada ya elimu ya sekondari kufanywa bure 1967, baada ya kujiunga na Jumuiya ya Ulaya 1973, na baada ya viwanda kuja. Kisha 2004 Poland ikaingia katika Umoja wa Ulaya, Ireland ikawafungulia ajira mara moja, na sensa ya Ireland ya 2011 ikahesabu Wapolandi 122,585, kundi kubwa kuliko kundi lolote lingine la wageni. Mslavi alikwenda kutafuta kazi kwa Mkelti ambaye baba yake alikuwa kibarua wa ujenzi London. Tabia ya taifa haibadiliki kwa miaka 30. Zilizobadilika ni sera.

Na hapa kwetu zimebadilika kiasi. Lami imefika Taveta, kituo cha pamoja cha mpakani Holili kilifunguliwa rasmi 2016, na lori la ndizi sasa linafika Voi kwa saa chache. Watu wa Kasighau, wazao wa wale waliopelekwa Malindi, wanaishi ndani ya mradi wa kaboni ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kuthibitishwa na kuuza hewa ya misitu isiyokatwa. Yako madarasa na matangi ya maji yaliyojengwa kwa fedha hizo. Chini ya miamba ya nyika kuna tsavorite, kito cha kijani kinachouzwa kwa dola, na mchimbaji wa Kamtonga anaingia shimoni kwa kamba na tochi. Maji ya chemchemi za Mzima yanapita katika bomba kwenda Mombasa, huku vijiji vilivyo kando ya bomba vikibeba mitungi. Ndovu akiingia shambani, Mtaita na Mtaveta wanapiga bati lile lile usiku. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi familia ya aliyeuawa shilingi milioni tano, na kungojea fidia hiyo ni taabu ambayo pande zote mbili zinaijua.

Wanafunzi wangu mtakaoandika tasnifu juu ya jamii hizi, msianzie kwa mzee wa mila. Mtamfikia, na mtamheshimu. Anzieni ofisi ya ardhi. Ulizeni kila shamba la mkonge na kila ranchi kati ya Voi na Taveta ni la nani, lina ekari ngapi, na mkataba wake unaisha lini. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kimeweka kikomo cha miaka 99 kwa asiye raia, kwa hiyo tarehe hizo zipo na zinahesabika. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Barua ya kuomba orodha hiyo haizidi ukurasa mmoja. Naomba iandikwe mwezi huu, na wazee wa Dawida, Saghala, Kasighau na Taveta waitie sahihi kwenye karatasi moja.