Semina Imekwisha, Wamejifunza Nini?

Msikilizaji, semina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii ikifika tamati, mara nyingi hugawiwa fomu: ukumbi ulikuwaje, chakula je, mkufunzi alieleweka? Watu hujaza harakaharaka, posho inasubiri. Fomu hiyo hupima furaha tu.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza ngazi nne za kutathmini mafunzo: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na matokeo yake ni yapi. Waandaaji wengi huishia ya kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi.

Ya pili haihitaji makuu. Jua kwanza walikuja na ujuzi gani. Aliyepata alama 90 kwenye jaribio la mwisho huenda alikuja nazo kutoka nyumbani. Kisha usiulize, "Mmeelewa?" Nani atasema hapana mbele ya wenzake? Mpe mshiriki pakiti ya lita moja ya ORS, ile dawa ya kumrudishia maji anayeharisha, pamoja na jagi na maji safi, achanganye. Je, anapima lita moja kamili au anakadiria kwa jicho? Anajua kwamba mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 humwagwa?

Rudia zoezi hilo baada ya miezi mitatu. Wakufunzi hawalipendi, nami nawaelewa, maana kumbukumbu hupukutika. Na wengi wakikosea hatua ileile, tazama ilivyofundishwa: pengine siku ile walionyeshwa picha tu, jagi halikuwapo.