HOTUBA: SEHEMU ZA HESABU NA HAKI YA MJANE



Nimeombwa kusema habari za sehemu. Wako wadhanio ya kuwa jambo hili ni la watoto wa shule. Lakini mtoto akikosea hupoteza alama yake mwenyewe. Karani akikosea, mtu mwingine hupoteza riziki yake.

Kila sehemu ina tarakimu mbili: ya juu ni kiasi, na ya chini ni asili. Asili hutuambia kitu kizima kimekatwa mafungu mangapi. Kiasi hutuambia yametwaliwa mangapi. Kiasi kikiwa kidogo kuliko asili, kama 3/4, kitu hakijatimia kizima. Kiasi kikizidi, kama 17/4, hiyo huitwa sehemu guni. Gawanya 17 kwa 4: wapata 4, na 1 husalia, ndiyo 4 1/4, sehemu mchanganyiko. Ukitaka kurudi, zidisha 4 kwa 4, ujumlishe 1. Wazee wetu walilijua jambo hili sokoni: pishi moja ilikuwa vibaba vinne, basi pishi nne na robo zilikuwa vibaba kumi na saba.

Sasa tutazame mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu, mtu akifa akaacha mke, mama na wana wawili wa kiume, mke hupata thumuni, yaani 1/8, na mama sudusi, yaani 1/6. Wana hugawana sawasawa kilichobaki. Tuseme madeni na wasia vimekwisha kutolewa, na mali iliyobaki ni Shs. 2,400. Karani mwenye haraka hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akaandika 2/14. Basi amewapa wanawake wale wawili pamoja Shs. 343 kasoro! Hapana budi kwanza asili zifanywe moja: 1/8 ni 3/24, na 1/6 ni 4/24, jumla 7/24. Mke apata Shs. 300, mama Shs. 400, na kila mwana Shs. 850.

Desimali nazo zina faida, lakini zina hila. Thumuni ni 0.125 kamili, sudusi ni 0.1666, isiyo na mwisho. Kwa hiyo shikeni sehemu mpaka hatua ya mwisho, ndipo mgeuze kuwa shilingi na senti.

Mjane asiyejua kusoma hawezi kulikagua daftari lako, ndugu. Amana yake i katika kalamu yako.