Kamera za barabarani: ukiibiwa chini yake, picha ni za nani?

Wadau, niliongea haya kwenye mjadala wa chuo, nayaweka hapa pia.

Kila kampeni lazima mtu aahidi kamera za CCTV mjini, na umati unapiga makofi. Hata mimi nimewahi kupiga.

Kamera za siku hizi hazirekodi tu. Zinaona gizani, zinasoma nambari za gari, na programu inaweza kulinganisha uso wako na picha zilizohifadhiwa. Nairobi na Mombasa polisi wana mfumo wa kamera uliotokana na mkataba wa 2014.

Sasa, mimi nilinyang'anywa simu mchana kweupe, kamera iko hapo juu ya mlingoti. Kituoni nikaambiwa picha hazipatikani. Sawa. Lakini siku ya maandamano, hiyo kamera pia italala?

Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kudai data yako. Ila sheria hiyo hiyo, kifungu cha 51, inaondolea masharti kazi za usalama wa taifa, na karibu kila kitu huitwa usalama.

Akiahidi kamera, muulize: picha zinakaa siku ngapi? Nani anazifungua? Nikiibiwa, nitazipataje?