Taa Nyekundu ya Oili: Tupime Kabla ya Kulipa



Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu wenye magari yaliyotembea miaka mingi, pamoja na wale wanaokusudia kununua gari la namna hiyo. Magari mengi nchini mwetu huingia yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, hasa Japani, na baadhi yake hupita tena katika mikono ya wamiliki kadhaa hapa nyumbani. Kwa sababu hiyo tumeona vema tuzungumzie kasoro inayoweza kumpotezea mwenye gari injini nzima, au kumtoza fedha kwa matengenezo asiyoyahitaji: presha ndogo ya oili.

Pampu huvuta oili kutoka katika sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini, huipitisha katika chujio, kisha huisukuma hadi kwenye beringi na sehemu nyingine zinazosuguana. Msukumo huo ukipungua kupita kiasi, chuma husaga chuma. Basi taa nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone ikiwaka gari likiwa safarini, dereva asimame mahali salama na kuzima injini bila kukawia. Kujikongoja hadi gereji kunaweza kuua beringi kwa muda mfupi sana. Ni heri gari livutwe.

Hata hivyo, taa hiyo haitaji kilichoharibika. Huwaka presha inaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, na huweza pia kuwaka kwa sababu swichi yake au waya wake una hitilafu. Hapa ndipo mtumiaji anapopaswa kuwa macho, kwani tofauti ya gharama kati ya kubadili swichi na kufungua injini ni kubwa mno. Tunashauri uchunguzi uanze na jambo lisilo na gharama.

Kwanza, gari liwe mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa, kisha oili ipimwe kwa kijiti chake. Ikiwa imepungua, iongezwe hadi alama ya juu, bila kuizidi, kwani oili iliyozidi huweza kufanya povu na kushindwa kulainisha. Chanzo cha upungufu nacho kitafutwe: huenda inavuja au inaungua.

Pili, oili itazamwe na kunuswa. Ikinuka petroli, imechanganyika nayo na kuwa nyepesi. Ikifanana na maziwa, huenda maji ya rejeta yameingia. Ikiwa na tope zito, huenda imepitiliza muda wake. Aina yake pia ilinganishwe na kitabu cha gari. Katika maandishi kama 5W-30, tarakimu ya mwisho huonyesha uzito wa oili injini ikiwa ya moto. Oili nyepesi kuliko inayotakiwa inaweza kushusha presha, hasa gari likisimama kwenye foleni.

Tatu, na hili ndilo kiini cha mazungumzo yetu, fundi afungue swichi ya presha na kufunga geji ya mkono mahali pake. Asome kipimo injini ikiwa imepata moto, kwanza ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha mizunguko ikiongezwa. Mafundi wengi hukadiria psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha mtengenezaji. Geji ikionyesha presha nzuri huku taa ikiwaka, kosa li katika swichi au waya. Ikithibitisha kuwa presha ni ndogo, ibadilishwe oili sahihi na chujio jipya, kisha ipimwe tena. Isipopanda, ndipo sampu ifunguliwe ili kukagua kichungi cha pampu, ambacho huweza kuzibwa na tope, kisha pampu yenyewe na vali yake, na mwisho beringi. Lakini ikiwa injini inagonga kwa sauti nzito kutoka chini, isiwashwe tena hata kwa ajili ya kupima.

Anayenunua gari naye ana kipimo rahisi. Afungue swichi bila kupiga stata: taa ya oili lazima iwake. Akishawasha injini, izimike ndani ya sekunde chache. Isipowaka kabisa mwanzoni, huenda imeungua, au waya wake umeondolewa ili kuficha kasoro. Ajihadhari pia na oili nzito kupita kiasi, ambayo huweza kupandisha presha kwa muda bila kuponya uchakavu. Aikague injini ikiwa baridi, kisha aiendeshe hadi ipate moto barabara, maana injini iliyochakaa hujifunua ikiwa ya moto.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Lakini haki huhitaji ushahidi. Kabla ya kazi kuanza, tuombe makadirio ya maandishi yenye vipimo vya geji. Kazi ikiisha, tudai risiti, vipuri vilivyotolewa, na kipimo kipya kinachoonyesha kuwa presha imepanda. Fundi mwadilifu hatachukizwa na ombi hilo, kwani kipimo kinamlinda yeye pia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye gari aandike tarehe, kilomita na aina ya oili anapoibadilisha. Daftari hilo dogo litamfaa fundi katika uchunguzi, na litamfaa mwenyewe siku ya kuuza.