Kumbukumbu za Chama Zimekaa Folda Gani?

Mada kwa semina ya makatibu na watunza hazina, Bendera, Wilaya ya Same

Chama cha wakulima, kikundi cha umwagiliaji au shule inapoacha leja ya karatasi na kuhamia kwenye kompyuta, kuna jambo moja hubadilika bila kujadiliwa kwenye kikao chochote. Leja ilikuwa kabatini. Kila mjumbe wa bodi alilijua kabati hilo na alimjua mwenye ufunguo. Kumbukumbu za kompyuta nazo zina mahali pake, lakini ukiuliza zilipo, jibu la kawaida ni kwamba "zimo humo kwenye kompyuta", au mtu anakuonyesha alama ya programu kwenye skrini. Nasema jibu hilo halitoshi. Taasisi isiyojua mafaili ya programu yake yamekaa katika folda gani haiwezi kuyanakili, kuyakabidhi wala kuyalinda, na wajibu wa kujua ni wa katibu na mtunza hazina kabla ya kuwa wa fundi.

Tuanze na alama hiyo ya kwenye skrini. Katika Windows, alama yenye kishale kidogo pembeni ni shotikati, yaani faili la kilobaiti chache lililobeba anwani ya mahali programu ilipo. Programu yenyewe kwa kawaida huwekwa ndani ya folda ya Program Files kwenye diski C. Kumbukumbu, yaani risiti, majina ya wanachama, kilo zilizopokelewa na malipo yaliyotoka, ni kitu cha tatu, na kwa programu nyingi za uhasibu hazimo katika folda hiyo kabisa. Programu ikipotea, aliyeiuza anayo nyingine. Orodha ya mpunga uliopokelewa msimu mzima, ikipotea, hakuna duka inakouzwa. Kwa hiyo anayeburuta alama ya programu na kuiweka kwenye flashi, akaenda nayo Same mjini akiamini amebeba hesabu za chama, amebeba anwani tupu. Akiifungua kwenye kompyuta ya huko, inamwelekeza kwenye folda ambayo kompyuta hiyo haina.

Wenye steshenari wanalijua vizuri tatizo linalofanana na hili: flashi "imejaa shotikati". Kirusi kimeingia, kikayaficha mafaili halisi na kuweka shotikati zenye majina yale yale. Wengi hukata tamaa na kuiformati flashi papo hapo, na hapo ndipo hasara inapoingia, kwa kuwa mara nyingi mafaili yalikuwa bado yamo. Dalili iko wazi kwa anayeitafuta: folda inaonekana tupu, lakini ukitazama nafasi iliyotumika unakuta gigabaiti kadhaa. Amri ya attrib inaweza kuyaondolea mafaili hayo alama ya kufichwa na yakaonekana tena. Hapa tunapata ushahidi wa kwanza wa hoja yangu: faili kutoonekana ni jambo moja, na faili kutokuwepo ni jambo jingine, na asiyejua kutofautisha hayo mawili anaweza kufuta kwa mkono wake alichokuwa anataka kukiokoa.

Kwa nini kumbukumbu zitengwe na programu? Haukuwa uzembe wa watengenezaji. Enzi za DOS, na hata wakati wa Windows XP, programu nyingi ziliweka kila kitu katika folda moja, na kunakili folda hiyo kulitosha. Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, Microsoft ilianza kumzuia kila mtumiaji, hata msimamizi asiyetoa idhini maalumu, kuandika ndani ya Program Files, ili kirusi kinachoingia kupitia akaunti yake kisipate nafasi ya kuharibu programu. Mafaili yanayobadilika kila siku yakatakiwa yakae katika folda ya ProgramData, au katika folda ya kila mtumiaji iitwayo AppData, na zote mbili zimefichwa. Programu za zamani zilizoendelea kuandika palepale hazikukataliwa. Windows iliyapokea mafaili yake na kuyapeleka, bila kumwambia mtu, kwenye folda ya VirtualStore ndani ya AppData ya yule aliyeingia kwenye kompyuta wakati huo. Nawaomba mlitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu madhara yake ni makubwa ofisini. Katibu na mtunza hazina wakiwa na akaunti mbili za Windows kwenye kompyuta moja, na programu yao ikiwa ya zamani, kila mmoja anaweza kuwa na daftari lake. Katibu anaingiza risiti asubuhi, mtunza hazina hazioni mchana. Salio halilingani, na watu wanaanza kushukiana. Kabla ya kumwita mtu mwizi, afadhali ifunguliwe VirtualStore ya kila akaunti na tarehe za mafaili zilinganishwe.

Kuitafuta folda yenyewe si kazi ngumu. Njia ya kwanza ni kuiuliza programu. TallyPrime huandika njia ya data kwenye ukurasa wa kuchagua kampuni, na kwa kawaida huweka kumbukumbu ndani ya folda ya Public, kila kampuni ikiwa katika folda yenye jina la tarakimu tupu, kama 10000. QuickBooks ya kwenye kompyuta huwa na faili moja la kampuni linaloishia na herufi qbw. Mfumo uliotengenezwa na kijana wa karibu kwa kutumia XAMPP huwa na kumbukumbu zake ndani ya folda ya xampp, kisha mysql, kisha data. Wengine hubofya shotikati kwa kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua kufungua mahali faili lilipo. Njia hiyo ni nzuri, ila itakupeleka ilipo programu, na nimeshaeleza kwamba kumbukumbu mara nyingi haziko hapo. Njia ninayoitegemea zaidi ni ya majaribio. Ingiza risiti moja, tuseme ya kilo 50 za tangawizi iliyoshuka kutoka Mamba, ihifadhi, kisha ifunge programu kabisa, kwa kuwa baadhi ya programu hazibadilishi tarehe ya faili mpaka zifungwe. Fungua kitafuta-mafaili cha Windows, ruhusu vitu vilivyofichwa vionekane, ingia kwenye ProgramData, Public na AppData, na panga vilivyomo kwa tarehe ya kubadilishwa. Ingia pia kwenye folda ndogo zilizo ndani, kwa maana tarehe ya folda ya juu si lazima ibadilike. Faili lenye saa na dakika uliyofunga programu ndilo unalolitafuta. Rudia kwa risiti ya pili. Saa ikibadilika tena, huna sababu ya kuendelea kubahatisha.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya fundi, na katibu ana mengi ya kufanya. Nimeupima ubishi huu, na naona umeugeuza ukweli chini juu, maana ni huyo huyo fundi ambaye, pasipo kuambiwa, hufuta kumbukumbu. Kompyuta ikiwa nzito, anaombwa apige Windows upya. Fundi mwaminifu huuliza kuna nini cha kuhifadhi, kisha hunakili Documents, Desktop, picha na muziki, kwa sababu hivyo ndivyo watu wote humwomba. Anaformati diski C. ProgramData na AppData zinaondoka hapohapo, na hesabu za chama pamoja nazo. Fundi huyo hakukosea kazi yake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kuna daftari lililofichwa. Wakulima wa Bangalala na Vudee, upande wa pili wa milima yetu, hutunza maji katika ndiva, yaani bwawa dogo la umwagiliaji: hujazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Ukuta unaweza kujengwa na mwashi wa kukodi, ila hakuna mwenye zamu asiyejua ndiva iko wapi na mlango wake unafunguliwaje. Kwa kumbukumbu za chama, nadai kiasi hichohicho na si zaidi.

Ubishi mwingine una nguvu zaidi. Folda hizi zilifichwa ili watu wasizichezee, na ukimfundisha kila mtu kuzifungua utaongeza ajali. Ni kweli kwamba mtu anaweza kufuta faili la mfumo kwa kutojua, na kwamba kunakili hifadhidata huku programu ikiwa wazi kunaweza kutoa nakala mbovu isiyofunguka siku inapohitajika. Ndiyo maana sishauri mtu achukue mafaili kwa mkono pale ambapo programu ina amri yake ya bakapu. Atumie amri hiyo. Lakini hata amri ya bakapu huuliza ikaweke nakala wapi, na usipochagua, nyingi hupendekeza folda iliyo katika diski ileile ya C. Diski ikifa, nakala nayo imekufa. Kwa hiyo kujua mahali kunahitajika hata kwa yule asiyegusa chochote.

Wapo pia wanaosema kwamba suala hili limepitwa na wakati, kwa kuwa mifumo sasa iko mtandaoni. Vyama vya ushirika vina MUVU, mfumo wa kusimamia vyama hivyo, na vituo vya afya na shule vina FFARS, mfumo wa hesabu za fedha. Nakubali kwamba mifumo hiyo imeondoa hatari kubwa ya kompyuta moja kuibiwa au kuungua. Haijaondoa swali, imelihamisha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima, na aliyekuwa na orodha ya wanachama mtandaoni tu hakuwa nayo mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Mtu hawezi kutimiza masharti hayo kama hajui seva iko wapi. Kisha kuna simu. Stakabadhi nyingi za vikundi vyetu leo hupigwa picha na kutumwa WhatsApp, na kwenye simu za Android picha hizo hukaa katika folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, ndani ya simu ya katibu, ambayo ni mali yake binafsi. Akiuza simu au akihama, kikundi kinabaki na nini? Kila mwezi, toa ripoti ya mfumo wa mtandaoni, ihifadhi kama faili ofisini, na uhamishe picha za stakabadhi kutoka kwenye simu. Na karatasi isitupwe. Chapisho lenye sahihi lina uzito wake, ingawa haliwezi kurudishwa kwenye programu likaendelea kujumlisha.

Hoja ya mwisho ni ya kisheria, na naiona ndiyo inayopaswa kuzigusa bodi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini katika kupima uzito wake inataka itazamwe jinsi zilivyotengenezwa, zilivyohifadhiwa na zilivyopelekwa. Mkaguzi au hakimu akiuliza kumbukumbu hizi zilihifadhiwaje, na mtunza hazina akajibu kwamba hajui zilikuwa wapi, uzito wake unashuka kabla hata namba hazijasomwa. Hati ya makabidhiano ya viongozi wetu huorodhesha mihuri, vitabu vya stakabadhi, funguo na fedha taslimu. Napendekeza iongezewe sehemu ya kompyuta: jina la programu na toleo lake, njia kamili ya folda ya kumbukumbu kuanzia herufi ya diski, ukubwa wa folda hiyo na tarehe ya mwisho kubadilishwa, mahali nakala rudufu ilipo nje ya kompyuta hiyo, na siku nakala hiyo ilipofunguliwa kwa mara ya mwisho kwenye kompyuta nyingine ikakubali. Anayetoka aijaze mbele ya anayeingia, wakiwa wote wawili wamekaa mbele ya skrini, na folda iwe imefunguliwa ionekane kabla ya sahihi kuwekwa.