Boma la Mabegini



Ndugu wapendwa, na ninyi mama zetu mnaosikiliza, leo tutazame habari za wanawake wa Ubelgiji walioitwa mabegini.

Katika miaka ya 1200 walikuwako huko mabikira na wajane wengi waliotaka kumtumikia Mungu. Lakini mara nyingi nyumba za watawa zilidai mali, nao hawakuwa nayo. Basi wakakusanyika, wakakaa pamoja. Mwaka 1245 Margareta wa Konstantinopoli, mtawala wa Flandria, aliwawekea boma mjini Brugge. Ndani mlikuwa na kanisa na nyumba ndogo ndogo. Nje ukuta na maji. Na usiku lango lilifungwa.

Hawakuwa masista, kwa maana hawakuweka nadhiri za daima. Waliahidi usafi na utii kwa muda wote wa kukaa bomani. Aliyetaka kuolewa aliruhusiwa kutoka. Kila mmoja alishika mali yake, akala kwa jasho lake: kufua nguo, kusokota sufu, kufundisha wasichana, kuuguza wagonjwa.

Je, watu wote waliwasifu? La! Wengi waliwashuku wanawake wasio na mume wala nadhiri. Mwaka 1310 Marguerite Porete, aliyehesabiwa kuwa begini, alichomwa moto Paris kwa sababu ya kitabu chake. Mtaguso wa Vienne, wa 1311 hata 1312, ukakataza maisha ya mabegini. Baadaye Baba Mtakatifu Yohane XXII akawakinga wale wenye mwenendo mwema, na maboma ya Flandria yakadumu.

Begini wa mwisho, Marcella Pattyn, alizaliwa hapa kwetu Kongo mwaka 1920, Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya sasa. Kwa kuwa macho yake yalikuwa karibu kupofuka, watawa walimkataa. Mwaka 1941 mabegini wa Gent wakampokea. Alifariki Kortrijk mwaka 2013, mwenye miaka 92.

Ndugu, tujipime mioyo. Mjane wa kijijini akikataa kurithiwa na ndugu wa marehemu, sisi twasemaje? Twanong'ona kwamba ni mchawi, twamnyang'anya shamba. Naye alfajiri yu wa kwanza kanisani! Huyo hana boma wala ukuta. Ukuta wake ni sisi Wakristu. Tukibomoka, nani atamlinda?

Swali: Je, mwanamke asiyeolewa, wala asiye sista, aweza kumtumikia Mungu?
Jibu: Ndiyo, aweza, kwa sala, kazi na mapendo.

Swali: Sisi tuna wajibu gani kwake?
Jibu: Tumheshimu, tumwachie mali yake, tusimsingizie.

Jioni ya leo, kila jamaa wamtembelee mjane mmoja, wasali naye Baba Yetu. Mungu awabariki.