Huruma Isiyozama katika Huzuni: Taamuli na Sanaa Takatifu ya Kibudha kwa Mazingira ya Bunia

1. Utangulizi

Mjini Bunia, ambako vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliacha uhasama kati ya jamii za Wahema na Walendu, huruma huhubiriwa kama wajibu, lakini ni nadra kufundishwa kama kazi yenye hatua zake. Mada hii inachunguza jinsi Ubudha unavyoilea huruma kwa taamuli, yaani zoezi la kutuliza akili na kuielekeza kwenye jambo moja, na kwa sanaa takatifu. Mafundisho haya si mageni katika ukanda huu: nchini Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, mtawa mzalendo Bhante Buddharakkhita alianzisha mwaka 2005 Kituo cha Kibudha cha Uganda, kilichoko Garuga karibu na Entebbe.

2. Hatua za taamuli

Mwongozo mashuhuri wa mapokeo ya Kibudha ya Theravada, yanayofuatwa pia Garuga, ni Visuddhimagga, kitabu kilichoandikwa na mtawa Buddhaghosa nchini Sri Lanka katika karne ya 5. Humo taamuli ya huruma, iitwayo karuna, huanza kwa kumtafakari mtu aliye katika dhiki kuu, kisha mpendwa, kisha asiyependwa wala kuchukiwa, na mwisho kabisa adui. Hasira ikizuka katika hatua hiyo ya mwisho, mwanafunzi hurudi kwenye hatua za awali hadi moyo utulie. Kitabu hicho kinataja pia maadui wawili wa huruma: wa mbali ni ukatili, ambao kila mtu huutambua, na wa karibu ni huzuni, ambayo ni hatari zaidi kwa kuwa hujifanya huruma, ilhali humzamisha anayehurumia asiweze kumfaa yeyote.

3. Kazi ya sanaa

Katika mapokeo ya Tibet, huruma huchorwa kwa sura ya Avalokiteshvara, kiumbe mtakatifu wa huruma, mwenye mikono elfu, na katika kila kiganja kuna jicho, ishara kwamba kuona mateso na kunyoosha mkono ni tendo moja. Picha hizo, ziitwazo thangka, huchorwa kwenye kitambaa kwa vipimo maalumu. Mtaamuli huitazama picha, huijenga upya akilini, kisha huiyeyusha. Vivyo hivyo mandala, mchoro wa duara unaotengenezwa kwa mchanga wa rangi kwa siku nyingi, hufagiwa ukishakamilika, ishara kwamba hakuna kidumucho, na hivyo mtendaji hujifunza kutenda wema bila kuung'ang'ania.

4. Funzo kwa Bunia

Mapendekezo mawili yanafuata, na hakuna linalomtaka Mkristo au Mwislamu kubadili dini. Kwanza, wanaoongoza mazungumzo ya upatanisho wasimlazimishe mhanga kuanza na aliyemdhuru, kwani hata watawa waliobobea humweka adui mwishoni. Pili, wahudumu wa kambi za waliohama makwao wafunzwe kutofautisha huruma na huzuni, kwa kuwa majonzi yasiyotawaliwa humchosha mtoa msaada na, kwa aliyefiwa, yanaweza kugeuka kisasi. Hata hivyo, zoezi hili halichukui nafasi ya mahakama wala ya ulinzi wa raia. Linamwandaa mtu kudai haki bila kutamani mateso ya mwenziwe.